Pengo la Juu ya Ukuta: Kazi Inayotangulia Lipu

Mada hii inahusu kuta za kugawa vyumba katika majengo ya ghorofa, zile zinazojengwa baada ya slabu kumwagwa. Hoja yangu ni kwamba pengo linalobaki kati ya ukuta na slabu lizibwe kwa kitu kinachobonyea, tena kama kazi inayojitegemea, kabla fundi wa lipu hajaingia. Pengo lenyewe si uzembe wa mtu. Chumba chenye mita 3 kutoka sakafuni hadi kwenye slabu, kikijengwa kwa tofali za kimo cha milimita 230 na mota ya milimita 10, hufikia milimita 2,880 kwa kozi 12. Zinabaki 120, na tofali zima haliingii. Kinachofuata tunakijua sote: vipande vya tofali vinasukumwa humo, mota mbichi inashindiliwa kwa ncha ya mwiko, na lipu inapita juu yake siku hiyohiyo.

Ufa unaojitokeza baadaye huwa na chanzo kimoja kati ya viwili, au vyote. Mota nene husinyaa inapokauka na kujibandua kwenye slabu. Hilo ni dogo, kwani kujaza kwa tabaka nyembamba na kusubiri kila moja ishike hulipunguza sana. Zito ni kwamba slabu yenyewe hushuka. Kanuni ya Uingereza BS 8110, iliyoondolewa huko mwaka 2010 lakini iliyozoeleka kwa wahandisi wetu, ilitaka mshuko unaotokea baada ya kuta kujengwa usizidi urefu wa slabu ukigawanywa kwa 500, wala milimita 20. Kwa slabu ya mita 4 hiyo ni milimita 8. Pengo likiwa limeshindiliwa mota, slabu inaukalia ukuta ambao haukukusudiwa kubeba kitu, nao unapasuka penye udhaifu, hasa kwenye kona za milango.

Kwa hiyo tofali la mwisho likatwe, zibaki kama milimita 20 zijazwe povu au sufi ya mawe, mirunda ikiwa imekwisha kutolewa. Lipu nayo ikatwe kwa mwiko pale inapokutana na dari. Wapo watakaosema ukuta usiokazwa juu utayumba. Ni kweli, lakini dawa yake ni vibano vya chuma vinavyouzuia kwenda pembeni huku vikiiacha slabu ishuke. Wengine watasema povu huungua. Nakubali, na ndiyo sababu kwenye ngazi na jikoni nisingelikubali. Hapo iwekwe sufi ya mawe, maana moshi hupenya haraka kwenye upenyo wa juu. Kuhusu wanaotegemea mikanda ya jipsamu ifiche ufa, mikanda hiyo huficha kona ya dari tu. Ufa ulioanzia mlangoni utabaki wazi.