Jazi ya Watu Watatu na Sikio la Karatu



Lango la Lodoare hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na dereva wa watalii aliyetoka Karatu gizani hungoja hapo katika ukungu na baridi, simu yake ikiimba. Aghalabu husikiliza bongofleva au kwaya. Lakini wapo wachache ambao, kwa kudokezwa na mgeni au kwa kupekua wenyewe, wameangukia muziki wa piano, besi na ngoma tu: watu watatu, wala hakuna mwimbaji. Mazungumzo haya yanawahusu hao, pamoja na wale wanaowacheka.

Kwanza neno lenyewe. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyesema "jazi" hakuwa na piano akilini. Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe: hizo zilikuwa bendi za magitaa, saksafoni na ngoma, na mwendo wake ulikaribia rumba zaidi kuliko muziki wa New Orleans. Jina lilikuwa alama ya usasa. Si kosa, ila humfanya mtu adhani anaifahamu jazi yote, kumbe lipo tawi lake zima ambalo hajalisikia.

Njia nyepesi ya kulifikia tawi hilo ni rekodi zilizochukuliwa ukumbini, mbele ya watu. Januari 1958 Ahmad Jamal, pamoja na Israel Crosby wa besi na Vernel Fournier wa ngoma, alirekodiwa katika hoteli ya Pershing mjini Chicago, na santuri iliyotokana na usiku huo ilikaa katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Marekani kwa zaidi ya wiki 100. Msikilizaji mgeni atashangazwa na jinsi Jamal anavyonyamaza. Huwaachia wenzake wimbo, kisha hurudi kwa sauti mbili tatu tu, na hizo zinatosha.

Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961 ikawa zamu ya Bill Evans katika klabu ya Village Vanguard, New York. Glasi zinagongana, watu wanaongea. Katika wimbo wa kwanza umeme ulikatika, na pengo lile limo katika toleo kamili. Watu wa Karatu wasidhani mambo hayo ni ya kwao peke yao. La kusikilizwa zaidi ni besi ya Scott LaFaro, ambayo haimfuati mpiga piano nyuma bali inajibizana naye, huku Paul Motian akiwa mtu wa tatu katika mazungumzo hayo. LaFaro alikufa katika ajali ya gari tarehe 6 Julai, siku 11 baadaye, akiwa na miaka 25. Kama mitambo isingaliwashwa Jumapili ile, mazungumzo hayo yangalibaki kwa wachache waliokuwapo.

Waliofuata ni wengi. Keith Jarrett, Gary Peacock na Jack DeJohnette walipiga pamoja tangu 1983 hadi 2014, na rekodi zao nyingi ni za ukumbini. Jarrett husikika akiguna juu ya piano yake. Esbjörn Svensson wa Sweden, ambaye onyesho lake la Hamburg la 2006 lilitolewa 2007, alifariki akipiga mbizi mwaka 2008.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kasumba, muziki wa wageni wa hotelini. La hasha. Randy Weston, mpiga piano Mmarekani Mweusi, alirekodi "Uhuru Afrika" mwaka 1960, na humo Tuntemeke Sanga wa Tanganyika alisoma kwa Kiswahili maneno ya Langston Hughes. Makaburu waliipiga marufuku mwaka 1964. Tena, bendi zilizorekodi Radio Tanzania zilipiga wote kwa pamoja, wimbo mzima kwa mkupuo. Kanda zile zina undugu na Vanguard kuliko nyimbo nyingi zinazoshonwa leo kwenye kompyuta.

Lililo zito zaidi liko Karatu kwenyewe. Mzee wa Kiiraqw anapotamka slufay, ile sala ya baraka, wasikilizaji humjibu kwa pamoja, na bila majibu hayo slufay haijakamilika. Huko Ngorongoro Mmaasai huongoza wimbo bila ngoma, wenzake wakiunguruma chini kwa sauti za kifua, na mwungurumo huo ndio besi yao. Mgeni aghalabu hupewa kipande kilichokatwa, cha kutosha picha moja. Kijana anayelijua onyesho la Hamburg tangu mwanzo hadi makofi ya mwisho, naye hajawahi kumrekodi babu yake hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho, anajua kusikiliza lakini amechelewa kuanza kazi, na wazee hawamngojei.

Simu ile ile inayoimba pale Lodoare ina kinasa sauti. Mzee haanzi upya kwa kuwa jogoo amewika au mtoto amelia. Basi jogoo huyo na aachwe humo ndani, kama zilivyoachwa glasi za New York.