Mzigo wa Msafiri na Siri ya Moyo



Wapendwa taifa la Mungu, katika sura ya 31 ya Kitabu cha Mwanzo, Labani anamfuatia mkwewe Yakobo mwendo wa siku saba, kisha anapekua hema baada ya hema. Alikuwa na sababu, kwa maana miungu yake ilikuwa imeibwa kweli, na mwizi alikuwa Raheli, binti yake. Hata hivyo Yakobo alimdai jambo moja: alichokiona akiweke mbele ya ndugu wa pande zote mbili, wao waamue.

Mmoja wetu akitoka Kinjumbi kwenda kuwaona jamaa zake Msumbiji, huvuka Mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010. Akiambiwa afungue begi mpakani, ni halali. Silaha na magendo hutudhuru sote. Lakini siku hizi begini mna simu na kompyuta, na ndani yake mna barua, picha za watoto, na kwa katekista, mashauri ya ndoa za waamini. Hayo si bidhaa za forodha. Ni moyo wa mtu.

Mwezi Novemba 2018, jijini Dar es Salaam, Angela Quintal na Muthoki Mumo, watumishi wa Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, walichukuliwa hotelini, simu na kompyuta zao zikatwaliwa, wakahojiwa kwa saa nyingi. Simu ya mtu ikifunuliwa, haumii yeye peke yake. Wote waliomwandikia wamefunuliwa pamoja naye, pasipo kujua.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliihesabu faragha miongoni mwa haki za mtu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano binafsi, na inaiachia sheria ieleze ni lini na kwa namna gani yaweza kuingiliwa. Basi apekuaye na atumwe na sheria, atafute alichotumwa, na mengine aliyoyaona ayafunike kwa kinywa chake.

Nasi tusiwe Raheli, kukalia kilichoibwa huku tukidai haki. Ninyi makatekista, siri za watu msizichukue safarini pasipo sababu. Zibaki parokiani, zimefungwa. Si mali yenu.

Tumwombe Mungu, ajuaye yaliyo mioyoni bila kumwaibisha mtu, awape wapekuzi kiasi na wasafiri unyofu. Amina.