Kasi Ipo, Kumbukumbu Ndiyo Bei

Msikilizaji, programu nyingi za simu za Android huandikwa kwa lugha ya Java au Kotlin. Programu hizo huwa na msimamizi ndani ya simu, anayezitafsiri na kufagia kumbukumbu isiyohitajika tena. Zile za C na C++ hutafsiriwa mapema kuwa lugha ya prosesa yenyewe, na mwandishi hugawa kumbukumbu kwa mkono wake.

Kwa kasi, pengo limepungua sana. Mwaka 2014, Android 5.0 ilifanya iwe kawaida kutafsiri programu kuwa lugha ya prosesa wakati wa kuziweka kwenye simu. Gharama imebaki kwenye kumbukumbu. Mwaka 2005, watafiti Matthew Hertz na Emery Berger walipima programu za Java. Zilipopewa kumbukumbu mara tano ya ile ya usimamizi wa mkono, zililingana nao kwa kasi. Zilipopewa mara mbili tu, muda wa kazi uliongezeka kwa karibu asilimia 70.

Msimamizi huyo huzuia makosa mengi ya hatari, na hatumkatai. Lakini mzigo wake humwelemea mwenye simu ya bei nafuu. Waandishi wa programu, zijaribuni kwanza kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo. Mwenye simu hiyo naye ni mteja wenu.