Dereva Akikataa Kupuliza Kifaa cha Kupima Pombe

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa madereva wa matatu, wahudumu wa bodaboda na wakazi wengine katika kikao cha usalama barabarani)



Ni Jumamosi, saa tano usiku. Dereva wa Probox anatoka kwenye sherehe ya ruracio, na nyuma amebeba shangazi wawili na mtoto aliyelala. Mbele anaona mwanga wa tochi na misumari iliyolazwa barabarani. Anaambiwa ateremshe kioo. Afisa wa trafiki anamuuliza maswali mawili, ananusa hewa ya ndani ya gari, kisha anamsogezea kifaa chenye mrija wa plastiki na kumwambia apulize. Hapo dereva anakumbuka maneno aliyoyasikia kwenye steji: "Usipulize. Korti ilishasema hiyo mashine haina sheria. Ukikataa, hawana ushahidi."

Ushauri huu umeenea sana. Una chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana umewaponza wengi.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu cha 44 kinasema ni kosa kwa mtu kuendesha gari, kujaribu kuliendesha, au kuwa na gari chini ya mamlaka yake barabarani, hali amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo. Pikipiki pia ni chombo cha moto, kwa hiyo wahudumu wa bodaboda wamo humo humo. Tazameni maneno ya kifungu chenyewe: kinauliza kama dereva alikuwa na uwezo wa kudhibiti gari. Hakitaji mashine, wala hakitaji kiwango cha pombe mwilini.

Kiwango kilikuja baadaye, katika Kanuni za Trafiki za Kipima Pumzi za mwaka 2011. Kanuni hizo ziliweka mpaka wa mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Mwishoni mwa 2013 vifaa vile ambavyo kila mtu anaviita Alcoblow vikaanza kuonekana barabarani, na asubuhi zilizofuata madereva wengi walijikuta mbele ya hakimu.

Kisha, mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ikatoa uamuzi. Kwa ufupi, ilisema kwamba kanuni haziwezi kwenda mbali kuliko sheria iliyozizaa. Bunge, katika kifungu cha 44, lilisema kosa ni kulewa hadi kushindwa kudhibiti gari. Kanuni nazo zilifanya kupita mpaka wa 35 kuwa kosa peke yake, hata kama dereva alikuwa akiendesha vizuri. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli inayozungumzwa kwenye steji.

Lakini uamuzi huo haukufuta kifungu cha 44, wala haukusema kuendesha ukiwa mlevi kumeruhusiwa. Vifaa vyenyewe vimerejeshwa barabarani zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Dereva anayekataa kupuliza huku akidhani amemnyang'anya polisi ushahidi wote anasahau kwamba kosa la kifungu cha 44 lilikuwa likithibitishwa mahakamani miaka mingi kabla ya mashine hiyo kufika Kenya. Afisa hueleza alivyoona gari likiyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hueleza macho mekundu, ulimi mzito, mguu uliokosa kukanyaga sawasawa dereva alipoteremka. Daktari anaweza kuitwa kumchunguza. Abiria nao wana midomo. Wale shangazi wawili wanaweza kuulizwa.

Na kwa yule ambaye kweli alikunywa chupa moja tu, kukataa kunaweza kumwumiza zaidi. Kipimo cha chini kingekuwa utetezi wake. Akikikataa, kinachobaki ni neno la afisa aliyenusa pombe, na hana namba ya kuliweka kando ya neno hilo. Afisa mwenye sababu ya kumshuku anaweza kumkamata kwa kosa la kifungu cha 44, gari likabaki kituoni na shangazi wakatafuta njia nyingine ya kufika nyumbani. Akianza kusukumana na afisa au kuondoa gari kwa nguvu, anaongeza kosa jipya la kumzuia polisi kufanya kazi yake, na hilo halihitaji mtu awe amekunywa chochote.

Ambako mabunge yameshughulikia jambo hili moja kwa moja, mlango wa kukataa umefungwa kabisa. Uingereza ni mfano mzuri, kwa sababu mpaka wa mikrogramu 35 unaotumika katika England na Wales ni ule ule ulioandikwa kwenye kanuni za Kenya. Huko, mpaka na wajibu wa kupuliza vimo ndani ya sheria ya bunge yenyewe tangu 1967, na sasa vimo katika Sheria ya Trafiki ya 1988. Dereva anayekataa kutoa pumzi kituoni bila sababu ya msingi anakabiliwa na adhabu sawa na aliyepatikana amezidisha: kifungo cha hadi miezi 6, faini isiyo na kikomo, na kunyimwa ruhusa ya kuendesha kwa muda usiopungua miezi 12. Hawezi hata kuchelewesha kipimo kwa kumsubiri wakili. Nchini Marekani, majimbo huhesabu kwamba mtu anayeendesha gari amekwisha kukubali kupimwa. Akikataa, leseni yake husimamishwa hata kama baadaye hatapatikana na hatia ya ulevi. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba dereva aliyekamatwa kwa ulevi anaweza kulazimika kupimwa pumzi bila hati ya mahakama, lakini damu inahitaji hati. Wenye watoto na ndugu wanaoendesha magari nchi hizo wawapigie simu na kuwaambia, maana ushauri wa steji husafiri hadi huko pia.

Kuna wanaokataa si kwa ujanja bali kwa hofu ya mashine. Pombe iliyo kwenye damu hupita mapafuni na kutoka na pumzi, ndiyo maana kifaa huweza kuikadiria. Ni kweli kwamba aliyemeza pombe au kusukutua mdomo kwa dawa yenye spiriti dakika chache zilizopita anaweza kutoa namba ya juu isiyo ya haki. Dawa ya hilo ni kumweleza afisa na kuomba kusubiri kama dakika 15 kabla ya kupuliza. Mwenye pumu au ugonjwa wa mapafu aseme mapema, wala asingoje kufikishwa kortini ndipo akumbuke.

Madereva wa matatu za alfajiri wana shida yao. Mwili huondoa pombe polepole, na kahawa, supu au maji baridi haviuharakishi. Mtu aliyelala saa sita usiku akiwa na miligramu 160 katika mililita 100 za damu, na mwili wake ukiondoa 15 kila saa, saa kumi na moja alfajiri bado ana 85. Mpaka wa 35 wa pumzi ni sawa na takriban 80 za damu. Anajihisi amelala na kuamka mzima, na abiria 14 wanamwamini.

Anayekamatwa ana haki zake, na Katiba, kifungu cha 49, imezitaja: kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Kuomba haki hizo kwa sauti ya kawaida si kumzuia afisa.

Lisemwe wazi na hili: usiku, mara nyingi neno "sipulizi" huwa ni mwanzo wa bei. Anayetoa noti iliyokunjwa ndani ya leseni na anayeipokea wote wawili ni wakosaji chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, na dereva mlevi anarudi barabarani na wale shangazi na yule mtoto.

Wenye maswali waanze sasa. Wahudumu wa bodaboda waliotaka kuuliza kuhusu pikipiki zinazozuiliwa kituoni wapewe nafasi ya kwanza.