KWA NINI DAKTARI AKUAMBIE JINO LIVALISHWE KOFIA

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kisiwani na Mji wa Kale, Mombasa)

 

Mliniomba tuzungumze juu ya ule ubishi wa kikao kilichopita. Mwenzenu alikwenda kwa daktari wa meno, akaambiwa gego lake lisafishwe mizizi, kisha livalishwe kofia. Akaja kuomba mkopo wa kikundi. Baadhi yenu mkasema, "Jino moja pesa zote hizo? Si aling'oe tu!" Wengine mkasema hayo ni mapambo. Mimi si daktari wa meno, lakini kazi yangu hunipeleka kliniki na wagonjwa mara nyingi, na huko nimeuliza sana.

Hilo neno "mapambo" naelewa latoka wapi. Hapa Mji wa Kale jino la dhahabu ni jambo la tangu zamani, na mwenye nalo alitaka lionekane akicheka. Kofia ya jino, ambayo madaktari wanaiita krauni, yaweza kuwa ya dhahabu pia, au ya madini mengine, au ya kaure yenye rangi ya jino. Lakini kazi yake ni nyingine. Hulifunika jino lote lililo juu ya ufizi, kama kofia inavyoshika kichwa, ili lisipasuke.

Mtaniuliza: kwa nini lisizibwe tu? Zitazameni hizi nyumba zetu za mawe. Ukuta ukiwa na shimo dogo, fundi huziba na chokaa na mambo yamekwisha. Ukuta ukiliwa mpaka kimebaki kipande upande huu na kipande upande ule, ukijaza chokaa katikati hujafanya kitu; siku moja upande mmoja utaanguka. Gego ni hivyo hivyo. Likiwa limeoza sana, kile cha kuzibia huwa kikubwa kuliko jino lenyewe, na kila ukitafuna kinazidi kuzisukuma kuta nyembamba zilizobaki.

Ndiyo sababu mwenzenu aliambiwa vile. Uozo ulikuwa umefika ndani kwenye mshipa wa fahamu. Kusafisha mizizi ni kutoa kile kilichooza ndani na kuziba njia zake, na maumivu huondoka. Lakini jino lililofanyiwa hivyo limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake, na magego ndiyo yanayobeba uzito wa kutafuna. Wapo wanaosafishwa mizizi, maumivu yakaisha, wakaona hakuna haja ya kurudi. Halafu siku moja, kijiwe ndani ya wali, na jino linapasuka mpaka chini. Hapo pesa za kwanza zimepotea na kung'oa kumebaki pale pale. Jino la mbele ni tofauti kidogo. Likiwa limebaki zima kiasi, huenda kuziba kukatosha, kwa hiyo ulizeni.

Sababu nyingine ni ufa. Ukiuma kitu ukasikia mchomo mkali hasa unapoachia meno, mwambie daktari. Kofia huufunga ufa usiendelee. Pia wapo wanaosaga meno usingizini mpaka yakawa mafupi, na wapo wanaofungua soda kwa meno (hao tunawajua, tena wamo humu humu).

Watoto nao wana kofia zao, za chuma, za magego ya utotoni. Daktari Norna Hall wa Scotland alionyesha kwamba kofia hiyo yaweza kubandikwa juu ya jino lililooza bila sindano wala kuchimba, maana uozo ukifungiwa vizuri haupati chakula. Haifai kama jino limeshatunga usaha. Msidharau magego hayo. Mengine hukaa mpaka miaka 10 au 12, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya yale yajayo.

Sasa nirudi kwa wanaosema ng'oa. Kung'oa ni rahisi siku ile. Baadaye meno ya jirani huinamia pengo, lile la upande wa pili hushuka, na mtu anabaki kutafuna upande mmoja. Lakini nisiwafiche: mara nyingine kung'oa ndiyo haki. Kofia yahitaji kitu cha kushika, angalau kama milimita 2 za jino zima juu ya ufizi. Jino likivunjika chini ya hapo, au mfupa wake ukiwa umeliwa na ugonjwa wa fizi, daktari mwaminifu atakataa pesa zako.

Na kwa vijana wanaotaka kufunika jino zima kwa ajili ya kung'ara: ili kofia ikae, jino husagwa pande zote, na kilichosagwa hakirudi. Kwa hilo mimi singetoa mkopo. Kwa gego la mwenzetu ningetoa.

Kabla ya kutoa, kikundi kimwombe mambo machache. Aonyeshe eksirei imepigwa. Aulize bei ya safari nzima, yaani kusafisha mizizi, kulijenga jino na kofia yenyewe, kwa maana wengi hutajiwa ya kwanza tu. Aulize katika Hospitali Kuu ya Pwani na mahali pengine, alinganishe. Kama yuko kwenye SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, aulize mapema kinacholipiwa. Na aone cheti. Kila daktari wa meno Kenya hupewa leseni ya mwaka na baraza lao, na kuomba kuiona si utovu wa adabu. Fundi anayebandika dhahabu kwa saa moja bila eksirei, mpite.

Kazi yenyewe huchukua safari mbili au zaidi. Siku ya kwanza ni ganzi, kusaga na kuchukua kipimo, kisha huvalishwa kofia ya muda. Wiki moja au mbili baadaye huja ile ya kudumu. Ya muda ikidondoka, msiibandike kwa gundi ya viatu; ifungeni kwenye karatasi mrudi nayo kliniki siku hiyo hiyo au kesho yake.

Mama mmoja aliuliza kama kofia huoza. Yenyewe haiozi, lakini jino lililo chini huoza, hasa pale ukingoni karibu na ufizi. Mwenye kuisugua hapo asubuhi na usiku aweza kukaa nayo miaka 10 au 15.