Maziwa Yapite kwa Bomba, Si kwa Ndoo

(Maneno ya ofisi ya maendeleo katika mkutano wa wanachama wa chama cha maziwa)

 

Mmetuuliza kama inafaa chama kichukue mkopo wa mtambo wa kupasha maziwa, ulioungwa kwa bomba moja kwa moja na mashine ya kufunga pakiti. Tutajibu bila kuzunguka, maana ng'ombe wenu ndio watakaolipa.

Kwa sasa mnapasha maziwa ndani ya tangi hadi digrii 63 na kuyashikilia hapo dakika 30. Hiyo inaua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu. Lakini halafu? Yanachotwa kwa ndoo kwenda kupozwa, yanachotwa tena kwenda kwa pakiti. Kila ndoo na kila mkono ni mlango wa uchafu kurudi, na pakiti inaharibika dukani kabla ya siku yake.

Katika mtambo wa bomba, maziwa hupashwa yakiwa safarini: digrii 72 kwa sekunde 15, kisha yanashushwa hadi 4. Maziwa baridi yanayoingia hupita upande mmoja wa bamba jembamba la chuma, na yale moto yanayotoka hupita upande wa pili. Hayachanganyiki, lakini joto linahama, na hapo mnaokoa kuni au mafuta mengi. Tena kuna valvu: joto likipungua, inayarudisha maziwa nyuma yakapashwe upya. Haingoji mtu aangalie kipimajoto huku akipiga gumzo!

Sasa ugumu wake. Stima ikipotea, kila kitu kinasimama pamoja, kwa hivyo jenereta si anasa. Mashine ya pakiti ikiwa pole kuliko ya kupasha, itazuia kazi yote. Wekeni katikati tangi baridi lililofunikwa. Mabomba nayo yaoshwe kila siku kwa soda kali na maji safi, na mara kwa mara kwa asidi ili kutoa ukoko. Kazi hiyo ni ile ile, maziwa yawe mengi au machache.

Vijana wanaobeba ndoo tunaomba wafunzwe kuendesha na kuosha mtambo, na hilo liandikwe katika kumbukumbu kabla ya mkopo kutiwa sahihi. Muuzaji naye aonyeshe kwa maandishi vipuri vinapatikana wapi.

Na kabla hamjapiga kura, tunamwomba mweka hazina awasomee lita za miezi ya kiangazi, si za mvua.