Kiunganishi Kinachorudiwa katika Orodha za Nomino: Kiingereza cha Darasani na Kiswahili cha Temeke na Kinondoni

Kiingereza kina njia tatu za kuunganisha nomino zaidi ya mbili katika orodha. Ya kwanza, ambayo ndiyo kawaida ya maandishi, hutenganisha nomino kwa koma na kubakiza kiunganishi kimoja kabla ya ile ya mwisho: "rice, beans and fish". Ya pili huondoa kiunganishi kabisa: "rice, beans, fish". Ya tatu hukirudia kila nomino inapoongezwa: "rice and beans and fish". Wanabalagha waliirithi istilahi ya Kigiriki kwa njia hii ya tatu, polisindetoni, na ile isiyo na kiunganishi wakaiita asindetoni. Ubishi wa kuweka au kutoweka koma kabla ya "and" ya mwisho, ile inayoitwa koma ya Oxford, ni wa wahariri zaidi kuliko wa wanasarufi, na hauhitaji kuwachosha walimu.

Kwa kuwa njia ya kwanza ndiyo mazoea, ya tatu hupata maana kwa kuyaacha mazoea hayo. Mwendo wa sentensi hupungua, kila nomino hupewa uzito wake, na msomaji huhisi kwamba orodha ingeweza kuendelea. Ladha zake ni mbili, tena zinazopingana. Moja ni ya kitoto: mtoto wa Kiingereza anayesimulia alichokiona sokoni hutia "and" kila anapokumbuka kitu kingine. Ya pili ni ya kitakatifu. Biblia ya Mfalme James, iliyochapishwa mwaka 1611, ilifuata kwa karibu Kiebrania, lugha inayobandika kiunganishi chake mwanzoni mwa neno, na wafasiri wakakiacha kionekane kila kilipojitokeza. Tangu hapo mwandishi wa Kiingereza anayetaka sauti ya kale au ya ibada hurudia "and" kwa makusudi. Kurudia, basi, si kosa la sarufi katika Kiingereza. Ni uamuzi wa mtindo, na aliyeufanya bila kukusudia huonekana hajapevuka kimaandishi.

Kuna mahali ambapo kurudia ni lazima. Kiingereza hufunga baadhi ya nomino mbilimbili kwa "and" na kuzihesabu kama kitu kimoja: "bread and butter", "fish and chips". Jozi kama hizo huweza kuchukua kitenzi cha umoja, kwa sababu kinachozungumziwa ni mlo mmoja. Jozi ikiingia mwishoni mwa orodha, kiunganishi hakina budi kujitokeza mara mbili: "tea, toast, and bread and butter". Cha kwanza kinaunganisha orodha, cha pili kiko ndani ya jozi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba orodha ina "and" moja tu atakifuta kimojawapo, na siagi itatengana na mkate wake.

Kiswahili cha Dar es Salaam hufunga jozi za namna hii kwa njia iliyo kinyume kabisa, na hapa ndipo penye utajiri wa jambo lenyewe. Kwenye vibanda vya mama lishe vya Tandika na Mbagala wilayani Temeke, na vya Tandale na Mwananyamala wilayani Kinondoni, mlo mmoja huitwa bila kiunganishi: wali maharage, ugali dagaa, wali nyama, chapati maharage. Chipsi mayai ni viazi vilivyokaangwa vikashikana na mayai, ambavyo vijana huviita zege. Chipsi na mayai ni kitu kingine: viazi upande mmoja, mayai upande wa pili, hata kama sahani ni moja. Kwa hiyo kutokuwepo kwa "na" kunafunga, na kuwepo kwake kunatenga. Mteja anayesema "nipe wali maharage na samaki na mchicha" ametumia njia zote mbili katika pumzi moja: mlo mmoja, kisha nyongeza mbili, na muuzaji anajua aanzie wapi kuhesabu bei. "Na" inayorudiwa hapo haina utoto wala utakatifu. Inafanya kazi ya hesabu.

Tofauti hii ina mizizi yake katika asili ya "na". Kiunganishi cha Kiingereza "and" huunganisha karibu kila kitu: nomino, vitenzi, vivumishi, sentensi nzima. "Na" ya Kiswahili kwanza ni neno la kuambatanisha. Ndiyo iliyomo katika "kuwa na", ndiyo inayomtaja mtenda katika "aliumwa na nyoka", na ndiyo inayoshikana na viwakilishi kuwa nami, nawe, naye. Katika kusimulia, kazi ya kufuatanisha vitenzi hufanywa na "-ka-": akafika, akasalimu, akaketi. "Na" ikabaki kwa kiasi kikubwa mali ya nomino. Ndiyo maana sentensi "alikwenda sokoni na mtoto na kapu na mwavuli" haimgutushi msikilizaji: kila "na" inamwambatanisha mtu huyo na kitu kimoja, kana kwamba vitu vinamfuata kwa zamu. Ukiigeuza kuwa "na mtoto, kapu na mwavuli", inaandikika vizuri, lakini ni sauti ya gazeti.

Si sahihi hata hivyo kudai, kama wapenzi wengine wa lugha wanavyodai, kwamba "na" moja kabla ya nomino ya mwisho ni mtindo wa kuazima tu. Hesabu za Kiswahili zinaushuhudia ndani ya lugha yenyewe. Wapo wasemao "mia moja ishirini na tano" na wapo wasemao "mia moja na ishirini na tano", na wote wanaeleweka katika soko lolote. Lugha inazo njia zote mbili, na msemaji huchagua kwa kasi na kwa mkazo.

Orodha isiyo na kiunganishi nayo ina kazi zake za kila siku. Kondakta wa daladala anayeita njia ya Barabara ya Kilwa husema "Mtoni, Mtongani, Zakhem, Rangi Tatu", na wa Barabara ya Bagamoyo "Morocco, Makumbusho, Mwenge, Tegeta". Hakuna "na" hata moja, kwa kuwa vituo ni mfuatano wa njia moja. Akitia "na", abiria angedhani gari linakwenda sehemu mbalimbali.

Katika ukanushi hali hubadilika. "Hakuna maji wala umeme wala barabara" ni sentensi ya kawaida kabisa kinywani mwa mkazi wa mtaa mpya wa pembezoni, na "wala" ya pili inaongeza uchungu bila kusikika ya kupambwa. Kiingereza kinaruhusu "nor" irudiwe, lakini katika maongezi ya kawaida husikika kama hotuba.

Orodha ya Kiswahili ina mzigo mwingine ambao Kiingereza hakiujui: upatanisho. Katika Kiingereza, ukiacha zile jozi zinazohesabiwa kama kitu kimoja, orodha ikishakuwa ya vitu viwili au zaidi, kitenzi huwa cha wingi na kazi imekwisha. Kiswahili lazima kiamue ngeli. Watu na wanyama huchukua "wa-": mtoto na mbuzi wake wamepotea. Vitu vya ngeli tofauti mara nyingi hupewa "vi-": sufuria na mwiko na kinu vimeibiwa. Wengine hufuata ngeli ya nomino iliyo karibu na kitenzi, hasa katika mazungumzo. Mtu akichanganywa na vitu, waandishi wazuri hukimbilia "pamoja na" na kumwacha mtu awe kiima peke yake: mgonjwa alifikishwa pamoja na mizigo yake.

Mambo haya yote hukutana katika kidato cha kwanza. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma za Tanzania, na mwanafunzi wa Temeke au Kinondoni huingia sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, akiwa na mazoea ya "na". Akiandika "My mother sells rice and beans and fish and tea", sarufi yake haina kasoro. Mwalimu anayepiga mstari mwekundu juu ya kila "and" anasahihisha mtindo, na ni vema amwambie hivyo mwanafunzi, kisha amwonyeshe pale ambapo mwandishi mzoefu angeziacha. Kosa lenyewe hutokea upande wa pili, na hupita bila kuelezwa: mwanafunzi yuleyule huandika "She sells chips eggs and rice beans", akiwa ameyachukua majina ya milo kama yanavyotamkwa kibandani. Hapo Kiingereza kinadai "and" ndani ya kila jozi, na koma au "and" nyingine kati ya jozi na jozi.